Msiba wa Ndevu za Mjomba

Shangazi yangu alisema nitaota pembe kabla ya kuota ndevu. Aliyasema hayo mbele za watu, pale Ilula kando ya barabara kuu, huku akipanga nyanya kwenye ndoo zake, na wanawake wenzake wakacheka mpaka dereva wa lori aliyekuwa ananunua vitunguu akauliza kuna nini. Hakuwa peke yake. Fundi cherehani wa pale sokoni alisema kidevu changu kinafanana na meza yake ya kukatia nguo. Mwenye bucha alisema amewahi kuuza vichwa vya nguruwe vyenye ndevu kunishinda, na hivyo vilikuwa vimekwisha kunyolewa.

Naandika haya nikiwa na ndevu. Hilo lijulikane mapema. Ni nyeusi, zimejaa pande zote mbili, na zinashuka hadi kwenye kifungo cha pili cha shati. Ukifika Mwanjelwa hapa Mbeya ukauliza kinyozi mwenye ndevu yuko wapi, muuza mitumba yeyote atakunyooshea kidole kwenye mlango wangu bila kuacha kukunja suruali zake.

Lakini nakubali kwamba waliotilia shaka walikuwa na sababu. Ukoo wa baba yangu hauoti ndevu. Babu alizikwa na uso laini kama wa bibi harusi, na baba alitumia wembe kwa kazi moja tu, kukatia kucha. Ndevu zilikuwa upande wa mama. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa nazo za kutosha kugawia kijiji. Hakuwahi kuzinyoa tangu alipooa, na watu wa umri wangu hatukuwa tumewahi kukiona kidevu chake. Jumapili aliposimama safu ya nyuma ya kwaya ya usharika wetu na kuitoa besi, ndevu zilitikisika kabla ya sauti kufika, kama majani yanavyotangulia mvua.

Mimi nimezoea kuambiwa siwezi. Waliposema sitasoma, nilibeba magunia ya viazi Uyole alfajiri na kuingia darasani nikinuka udongo, nikajilipia mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya kilimo. Ninayo. Imewekwa kwenye fremu juu ya kioo cha saluni yangu, na mteja akikaa kitini ataisoma tu, maana hana pengine pa kuangalia. Kazi ya ofisini ilipokosekana, nilivuka Tunduma nikateremka hadi Afrika Kusini. Huko nilianza kwa kufagia nywele kwenye saluni ya wanaume. Nilipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa na wateja mlangoni: "Yule Mtanzania yupo?"

Nilirudi na sanduku moja. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kunyolea, mikasi, vitana vya mbao na shuka nyeusi ya kumfunika mteja. Shangazi alinipokea kituoni, akalipima lile sanduku kwa macho.

"Wenzako wakitoka huko wanarudi na gari," akasema. "Wewe umerudi na mkasi."

"Mkasi huu umeshika videvu vya matajiri, shangazi."

"Basi ungechukua kimoja uje nacho."

Nilichojifunza kule ni kwamba ndevu ni shamba. Nashangaa wenye stashahada wenzangu hawakuliona hilo kabla yangu. Ngozi ndiyo udongo. Ikikauka inapasuka, na unywele unakatika ukiwa bado mchanga. Lazima uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uchane kuelekea zinakoota, ulainishe kwa mafuta, kisha uwe mvumilivu kama mtu aliyepanda parachichi. Wanaume wengi wa kwetu hunyoa kila siku wakiamini wembe unaita ndevu. Wengine hupaka kitunguu. Nilimjua mmoja aliyepaka mafuta ya taa, na hata moto wa jikoni alikuwa akiuogopa.

Nyanda za juu zetu hizi zina upepo wa kipupwe unaokausha uso kama nguo kwenye kamba. Kwa hiyo niliamua kutengeneza mafuta ya ndevu mwenyewe. Maparachichi niliyatoa Tukuyu, lakini Tukuyu hakuna jua la kuaminika. Nyama ya parachichi ukiianika asubuhi, mchana imenyeshewa. Nikayapakia nikateremka nayo Chunya, kwenye joto na vumbi jekundu. Nilipanga ua kwa mama mmoja muuza chakula, nikaponda, nikaanika, nikakamua kwa kitambaa. Nikaongeza mafuta ya nyonyo, kisha nta ya nyuki ambayo wafuga nyuki wa huko wanaiuza ingali na harufu ya moshi. Ikatoka malai, krimu nzito ya rangi ya kijani, laini, inayoteleza kidoleni.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mchimbaji wa dhahabu aliyekuja kula. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi na zimesimama kama ufagio. Nilimwosha, nikampaka, nikamchana. Alijitazama kwenye kioo cha pikipiki yake kwa muda mrefu sana.

"Kumbe mimi ni mtu mzuri," akasema, na akaondoka bila kula.

Nikajua nimeshinda. Nikarudi Mbeya, nikafungua saluni, nikapanga makopo yangu rafuni. Hapo ndipo ukoo wa baba ulipoanza kuniangusha. Mteja alinyanyua kopo, akalinusa, akanitazama kidevu. Wakati huo ndevu zangu zilikuwa zimeanza, sitaki mtu aseme hazikuwa zimeanza, lakini zilianza upande wa kulia peke yake.

"Wewe mwenyewe hupaki?" akaniuliza.

"Mganga hajigangi," nikamjibu.

"Basi ngoja niende kwa mgonjwa aliyepona," akasema, akarudisha kopo.

Nilihitaji ndevu za kuonyesha, na kama sikuwa nazo ilinibidi niazime. Nikapanda basi hadi Ilula na makopo matatu mfukoni. Watu watatu nilioona wanafaa ni mjomba, fundi cherehani na mwenye bucha. Wawili hawa wa mwisho walikuwa wamenicheka, lakini mtu mwenye ndevu hawezi kukataa kuambiwa zitapendeza zaidi, nao wakayapokea makopo yao. Mjomba ndiye aliyekuwa mgumu. Nilikwenda kwake na shangazi, kwa sababu yeye na mjomba ni mashemeji, na shemeji kwetu ana ruhusa ya kusema lolote.

"Kamwene, shemeji," shangazi akaanza. "Huyu mpwa wako ametumwa na kidevu chake. Anaomba kukuazima ndevu."

"Anazipeleka wapi?"

"Hazitoki hapo zilipo, mjomba," nikasema. "Utapaka mafuta yangu, utatembea nazo, utaimba nazo. Watu wakiuliza, useme ni kazi ya mpwa wako wa Mbeya."

Mjomba alizishika ndevu zake kwa mkono mzima, kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo. "Hizi sijawahi kumpa mtu azishike. Hata mke wangu huomba."

"Ndiyo maana hamna watoto wengi," shangazi akasema.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akachukua kopo. "Nakuazima," akasema akininyooshea kidole. "Sitoi. Nakuazima."

Nikarudi Mbeya nimeridhika. Ilikuwa mwezi wa saba.

Jumapili iliyofuata, jioni, simu ikalia. Ilikuwa shangazi, na mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Haloo, msomi."

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Mjomba wako amenyolewa."

Kwetu mtu mzima hanyolewi bure. Mtu hunyolewa akifiwa, baada ya kuzika, tena kwa mtu wa karibu. Na mjomba, ambaye hakunyoa hata alipozikwa mama yake kwa sababu mwinjilisti alimruhusu kunyoa kichwa tu, leo amenyolewa ndevu?

"Amefiwa na nani?" nikauliza.

"Njoo tu," akasema, na simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, haikupatikana.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Makambako ilikuwa kwenye ukungu, Mafinga wauza chai walikuwa wamejifunga mablanketi, na mimi njia nzima nilikuwa nahesabu watu wa ukoo wa mama nikijiuliza ni yupi. Nilipofika Ilula nikaona bucha imefungwa. Cherehani ya fundi ilikuwa imefunikwa turubai. Nikapanda njia ya kwenda kwa mjomba, na mbele yangu walikuwa wanawake wenye vitenge viunoni, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga, mwingine na sufuria. Uani wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka moto, kimya. Mikeka ilikwisha kutandikwa.

Nikaangua kilio. Sioni aibu kusema. Nililia kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. Na wanawake wote waliponiona, wakaitikia kwa mayowe, wakanikumbatia, tukalia pamoja. Baadaye niliambiwa kwamba mpaka dakika ile watu walikuwa na mashaka. Hakuna aliyejua marehemu ni nani. Lakini mpwa alipokuja kutoka Mbeya akilia vile, wakasema basi, ni kweli.

Mlango ukafunguliwa. Mjomba akatoka, amejizungushia shali ya mkewe usoni mpaka puani.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Kilio kikapungua, kikaisha. Wanaume wakatazamana.

"Mzee," akasema mmoja wao, "sisi tumekuja kukupa pole. Jana tumekuona umetoka kanisani katikati ya wimbo umeziba mdomo kwa mkono. Leo alfajiri umeonekana umenyolewa, umesalimiwa hukujibu. Fundi amenyolewa. Wa bucha amenyolewa. Wanaume watatu kwa siku moja! Tukasema huu ni msiba mkubwa."

Mjomba akashusha shali. Nikakiona kidevu chake kwa mara ya kwanza maishani. Kilikuwa kidogo, cheupe kuliko uso, na kilikuwa na kishimo katikati kama cha mtoto. Wanawake wakainamisha vichwa. Mabega yao yakaanza kutikisika, na safari hii hayakuwa machozi.

"Hakuna aliyekufa," mjomba akasema. "Waliokufa ni ndevu zangu, na aliyeziua ni huyo mnayemkumbatia."

Ndipo nikasimuliwa yote. Jumapili asubuhi mjomba alipaka mafuta yangu karibu na moto wa jikoni, akapaka mengi, sharubu mpaka shingoni, yakalainika vizuri akang'aa. Kisha akatoka kwenye baridi, akapanda kilima hadi kanisani. Wimbo wa pili ulipofika, sharubu na ndevu zilikuwa zimeshikana na kuwa kitu kimoja kama mshumaa. Besi ilipotakiwa, mdomo haukufunguka. Mwimbaji aliyesimama kando yake alisikia mtu anaguna kwa ndani, akadhani analia. Mjomba akatoka ameziba mdomo. Nyumbani mke wake alimwosha kwa maji baridi na sabuni, jambo lililokuwa baya kuliko yote, kisha akaingiza kitana, kitana kikabaki humo. Wakamwita fundi cherehani alete mkasi. Fundi alikuja na nyuzi za rangi zote zimemganda kidevuni, na nyuma yake mwenye bucha, ndevu zimejaa unga wa mifupa. Fundi akawakata wote wawili, halafu yeye mwenyewe akakatwa na mwenye bucha, na kazi hiyo ilionekana kweli imefanywa na mtu wa bucha.

Shangazi alikuwa amekwenda Iringa mjini na matenga ya nyanya. Alirudi jioni akakuta msiba umechangamka. Watu walikwisha kupika, wakala, wakacheka, na wanaume wengine walikuwa wakimwomba mjomba awaonyeshe kile kishimo tena. Shangazi hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Umetuaibisha kwa wakwe," akasema. "Ukoo wetu uliolewa, hapana, uliwaoa hawa kwa heshima. Leo wewe mtoto wetu umewachuna kama kuku."

Kisha akasimama katikati ya ua, akapiga makofi.

"Jamani, unga huu uliletwa kwa ajili ya marehemu. Marehemu hayupo. Kwa hiyo umekopwa, na aliyekopa ni msomi wetu huyu. Kila aliyeleta kitu atarudishiwa, na mnajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, wala hakirudi sawasawa. Kitarudi kimefurika."

"Na ndevu?" akauliza mwenye bucha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine kabisa.

"Na ndevu," nikasema mimi, kabla shangazi hajafungua mdomo. "Kabla ya Krismasi mtakuwa nazo, na zitakuwa nzuri kuliko mlizonipa."

Fundi cherehani akacheka kwa uchungu. "Zako mwenyewe ziko nusu uso. Za kwetu utazitoa wapi?"

Mjomba hakucheka. Alikuwa amejifunga shali tena. "Mimi siimbi," akasema polepole. "Mpaka zirudi siimbi. Kidevu kitupu hakitoi besi. Nikisimama pale watoto wataangalia hiki kishimo, hawataisikia Injili."

Hapo utani ulikwisha. Mwalimu wa kwaya alikuja kesho yake kumbembeleza, akaja tena Jumapili, akaondoka vilevile. Kwaya yetu bila mjomba ilikuwa nyumba isiyo na msingi. Soprano zilipanda, zikakosa pa kutua. Jumapili hiyo nilikaa nyuma kanisani, nikasikia pengo lile, na kila aliyegeuka aliangalia wapi? Kwangu. Mjomba mwenyewe alikaa nyumbani, mtu ambaye hakukosa ibada hata akiwa na homa.

Mwingine angekimbilia tena Afrika Kusini. Mimi nilichukua kopo langu nikakaa nalo jikoni kwa mjomba. Karibu na moto lilikuwa laini kama lilivyokuwa Chunya. Nikalitoa nje, nikaliweka juu ya ukuta wa matofali, nikanywa chai. Niliporudi, dole gumba halikuingia. Nikacheka peke yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo anajua mbegu ya bondeni haipandwi mlimani, na mimi nilikuwa nimepika mafuta kwenye joto la Chunya nikayaleta kwenye kipupwe cha Iringa. Dawa ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeipanda kwenye ukanda usio wake. Nikapunguza nta, nikaongeza parachichi na nyonyo, nikapanga makopo kwenye ule ukuta alfajiri, kila moja na kipimo chake, nikawa napita kuyabonyeza moja moja huku majirani wakipita na ng'ombe wakinisalimu kwa pole. Kopo moja lilikubali kidole kwenye baridi ile kama siagi. Hilo ndilo ninalouza mpaka leo huku juu. Lile la kwanza naliuza Chunya, na wachimbaji hawataki jingine.

Tangu hapo nikawa mtu wa barabarani. Siku za kazi nilinyoa Mbeya, na karibu kila mwisho wa juma nilikuwa kwenye basi la Ilula na mfuko wa makopo na kitana. Niliwakalisha wote watatu kwenye benchi la fundi cherehani, nikawaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikawapaka, nikawakataza wembe. Mwanzo walikuwa wabaya kuwatazama. Ndevu zikiwa fupi zinawasha, na wale wanaume watatu walijikuna mpaka wanyama wa bucha wangewaonea huruma.

"Zinatoka kama mahindi yaliyokosa mvua," fundi akalalamika.

"Mahindi hayang'olewi kuangalia kama yameota," nikamwambia. "Acha kuzivuta."

"Nilikuwa najikuna."

"Jikune kwa moyo."

Mjomba alikuwa mtulivu kuliko wote. Alikuja amefunga shali, akaifungua mbele yangu tu, akafumba macho nikimchana. Siku moja, wakati mahindi ya kweli yalikuwa yanapandwa, nilikuwa nampaka chini ya taya nikahisi kitu kinatetemeka chini ya vidole vyangu. Nikadhani ana baridi. Kumbe alikuwa anaimba, kwa chini kabisa, mdomo umefungwa. Niliendelea kuchana mpaka ubeti ukaisha.

Kwa shughuli hizo zote nilikisahau kidevu changu. Sikukiangalia kwenye kioo, nilijifuta tu mafuta yaliyobaki mikononi kwa kujipaka usoni. Ilikuwa ni shangazi, akinipimia nyanya za kupeleka Mbeya, aliyeacha kazi ghafla.

"Hebu geuka," akasema.

"Kwa nini?"

"Geuka, upande wa kushoto. Hicho nini?"

Kabla sijajibu alikwisha kushika na kuvuta.

"Aii, shangazi!"

"Ni zenyewe," akasema taratibu, kama mtu aliyeona maji yanatoka jiweni. Akageukia wenzake. "Njooni mshuhudie. Ukoo wetu umeota ndevu!" Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanipapasa utosini. "Ngoja niangalie kama na pembe zimeanza."

Wanawake wale wakacheka kwa nguvu ileile ya zamani, na mimi nikacheka kuliko wao.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kwaya iliingia kwa kanzu zao za zambarau. Safu ya nyuma palikuwa na nafasi tupu, na wimbo wa kwanza uliimbwa nayo ikiwa tupu. Nilikuwa nimekaa na fundi na mwenye bucha, wote wawili ndevu zimechongwa vizuri, wananukia. Wimbo wa pili ulipokaribia, mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mjomba aliingia bila shali. Ndevu zake zilikuwa fupi kuliko za zamani lakini zilikuwa nzito, zimelala, na mvi zilizokuwa zimejificha ndani miaka yote sasa zilionekana kama mistari ya fedha. Akapanda safu ya nyuma, akasimama mahali pake. Soprano zikapanda, na safari hii zilipotua, pa kutua palikuwepo. Mwenye bucha alinikanyaga mguu. Nilidhani kwa bahati mbaya, kumbe alikuwa analia na hakutaka nimwone.

Kesho yake nilifanya kile nilichoahidi. Nilikuwa nimetoka Mbeya na mchele wa Kyela, gari dogo la mizigo zima, na sikulikodi kwa shida, maana makopo yangu yalikuwa yananunuliwa. Shangazi alisimama mlangoni kwa mjomba. Alikumbuka nani alileta nini siku ile ya msiba, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Aliyeleta bakuli la unga aliondoka na bakuli la mchele lililofurika mpaka linamwagika njiani. Aliyeleta kuni nilimpelekea kuni nyumbani kwake, nimebeba mwenyewe, na ndevu zangu zikaokota magome. Fundi cherehani nilimpa kopo la malai na kitana cha mbao. Mwenye bucha alisema yeye amekwisha kulipwa, lakini alichukua kopo vilevile. Mjomba nilimpigia magoti, kwa sababu ni mjomba.

"Zimerudi," akasema akizishika. "Tena hizi hazina vumbi la nyimbo za zamani. Nimeridhika."

Tukakaa kula. Ndipo bibi mmoja jirani akasukuma sahani yake mbele.

"Mimi bado nadai," akasema.

Shangazi akakunja uso. "Wewe bibi hukuleta unga."

"Sikuleta. Nilileta machozi. Nililia njia nzima kutoka kwangu, nikalia tena alipofika huyu kijana, na sauti ilinikauka siku mbili. Machozi yangu nani atayarudisha?"

Watu wakanitazama. Nikasema, "Bibi, sema unachotaka."

"Nataka nijue kama hizo ndevu ni za kweli. Mlete hapa huyo mume wangu," akasema kwa utani, akimwonyesha mjomba.

Mjomba alikokotwa na mashemeji zake mpaka mbele ya bibi, akakalishwa kwenye kigoda. Bibi akajifuta vidole kwenye kitenge, akazikamata ndevu chini ya kidevu, akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Mjomba akatoa sauti ambayo kwaya haijawahi kuisikia. Kuku walikimbia. Bibi akaachia, akajitazama kiganja, hakikuwa na unywele hata mmoja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa kiganja kilekile.

"Haya," akasema, akivuta sahani yake karibu. "Tumemalizana."

Shangazi akasimama tena katikati ya ua, akauliza kwa sauti kama yupo mwingine anayemdai mtoto wake. Watu walikuwa wanakula. Hakuna aliyeinua kichwa.